Namna ya kuziba mfereji wa mzizi wa jino: kutoka koni kuu hadi kifuniko cha juu

Daktari anayeziba mfereji wa mzizi wa jino anafanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Anazuia mate na bakteria wa kinywani wasishuke kutoka juu, anazuia majimaji ya tishu zinazozunguka ncha ya mzizi yasipenye kutoka chini na kuwalisha bakteria waliosalia, na anawafungia ndani ya kuta za dentini (tishu ngumu inayounda sehemu kubwa ya jino) wale wachache ambao dawa za kusafishia hazikuwafikia. Kazi hizi tatu zinategemeana, na ikiharibika moja, nyingine mbili hazitaliokoa jino kwa muda mrefu.

Sababu ya kusisitiza bakteria kuliko kitu kingine inajulikana tangu mwaka 1965, pale watafiti Kakehashi, Stanley na Fitzgerald walipofungua viini, yaani tishu laini za ndani, vya meno ya panya waliolelewa katika mazingira yasiyo na kijidudu chochote. Viini vya panya hao vilibaki hai na hata kuanza kujijengea dentini mpya, ilhali viini vya panya wa kawaida, waliokuwa na bakteria kinywani, vilikufa na kuota majipu kwenye ncha za mizizi. Kila hatua inayoelezwa hapa chini inarudi kwenye jambo hilo moja. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari wa meno na madaktari wachanga ambao tayari wanajua kufungua jino, kupima urefu wa mfereji na kuupanua, lakini ambao bado mioyo yao hudunda pale wanaposubiri picha ya eksirei ya mwisho.

Mfereji ulio tayari kuzibwa

Mfereji uko tayari pale ambapo jino halina maumivu wala uvimbe, kiziba cha muda kilichowekwa siku iliyopita hakijavunjika wala kuvuja, hakuna harufu mbaya inayotoka ndani, na koni za karatasi, zile zinazoingizwa kufyonza unyevu wa mfereji, zinatoka kavu. Jino ambalo kiini chake kilikuwa bado hai linaweza kusafishwa na kuzibwa siku hiyohiyo, mradi muda unatosha na damu imekoma. Jino lenye usaha unaoendelea kutiririka lisizibwe hata kama mgonjwa ametoka mbali na anaomba kumaliza. Ni afadhali kuweka dawa ya kuua bakteria, kalsiamu hidroksaidi, ndani ya mfereji kwa muda usiopungua wiki moja, kufunga vizuri, na kumpangia siku nyingine.

Koni ya karatasi husema mengi kwa anayeitazama kwa makini. Ikitoka na damu kwenye ncha tu, na damu hiyo inarudi mahali palepale kila unapojaribu koni mpya, mara nyingi maana yake ni kwamba urefu uliopimwa umepita kidogo mwisho wa mfereji, na hapo inafaa kupima upya kwa kifaa cha umeme kabla ya kuendelea. Ikitoka na damu upande mmoja, katikati ya urefu wake, basi ukuta wa mzizi huenda umetobolewa. Ikitoka imelowa yote kwa majimaji yasiyokoma, kuna uvimbe usiotulia au kuna mfereji mwingine ambao haujaguswa. Usisahau kwamba gego la kwanza la taya la juu mara nyingi lina mfereji wa nne, uliojificha katika mzizi wa mbele upande wa shavu, na kwamba meno ya mbele ya taya la chini, madogo yalivyo, si ajabu kuwa na mifereji miwili.

Kazi yote ifanyike chini ya pazia la mpira linalolitenga jino na mate. Katika hili sina namna ya kulainisha maneno: kuziba mfereji bila pazia ni kuosha nguo na kuianika matopeni, kwa kuwa tone moja la mate lina bakteria wa kutosha kuiharibu kazi ya saa nzima.

Usafishaji wa mwisho huondoa utando wa vumbi la dentini unaoachwa na faili, vile vyombo vyembamba vya kupanulia mfereji. Mifereji mingi huoshwa kwa sodiamu hipokloraiti, kisha EDTA (dawa inayoondoa utando huo) ya asilimia 17 kwa takriban dakika moja, kisha hipokloraiti tena au maji ya chumvi. Sindano iwe nyembamba, yenye tundu la pembeni, isifike mwisho wa mfereji bali iishie milimita moja au mbili kabla, na isikwame hata kidogo, kwa maana hipokloraiti iliyosukumwa nje ya ncha huunguza tishu na kuleta maumivu makali na uvimbe wa ghafla. Dawa ikishaingia, chukua koni ya gutapacha, ule utomvu wa kuzibia mfereji, iliyokaa vizuri na uipandishe na kuishusha milimita mbili au tatu, kwa haraka, ili dawa isukumwe hadi kwenye sehemu ya chini ambako hujikusanya kiputo cha hewa. Mbinu hii haihitaji mashine yoyote.

Wapo wanaopenda kumalizia kwa kloreksidini, dawa nyingine ya kuua bakteria. Hakuna ubaya, lakini isikutane na hipokloraiti ndani ya mfereji, kwa sababu zikichanganyika hutoa mashapo ya rangi ya kahawia ambayo huziba vijitundu vya dentini na kulitia jino madoa. Osha kwa maji ya chumvi na ukaushe katikati ya dawa hizo mbili.

Koni kuu, mahali ambapo kazi nyingi huharibika

Gutapacha ni utomvu wa miti ya jamii ya *Palaquium*, lakini koni tunayoitumia ina takriban sehemu moja tu ya tano ya utomvu huo. Sehemu kubwa iliyobaki ni zinki oksaidi, pamoja na nta au resini kidogo na chumvi za metali zinazoifanya ionekane kwenye eksirei. Haigandi kwenye dentini na haiui bakteria kwa kiwango cha kutegemewa. Nguvu zake ni tatu: inakubali kukandamizwa, tishu za mwili huivumilia, na inaweza kutolewa tena endapo matibabu yatahitaji kurudiwa. Kwa hiyo koni kuu, ile ya kwanza inayofika mwisho wa mfereji, isipokaa mahali pake barabara, hakuna simenti wala joto litakalofidia kosa hilo.

Chagua koni yenye namba sawa na faili ya mwisho iliyofika kwenye urefu kamili, na yenye mteremko (namna inavyonenepa kutoka ncha kwenda juu) unaolingana na umbo ulilolitengeneza. Hata hivyo usiiamini namba iliyoandikwa kwenye kopo. Viwango vya kimataifa vinaruhusu koni itofautiane na kipimo chake kuliko faili inavyoruhusiwa, na koni mbili za kopo moja zinaweza kukaa tofauti ndani ya mfereji uleule. Iingize mfereji ukiwa bado na maji, ifike urefu uliopimwa, kisha ivute taratibu. Unapaswa kuhisi inashikwa kidogo kwenye milimita chache za chini, kama vile inakataa kuondoka.

Ikiwa koni inapita urefu, ikate ncha. Hesabu yake ni nyepesi: koni ya namba 30 yenye mteremko wa kawaida wa asilimia 2 ina kipenyo cha milimita 0.30 kwenye ncha, na ukikata milimita moja kipenyo kinakuwa 0.32. Yenye mteremko wa asilimia 4, ikikatwa kiasi hichohicho, inakuwa 0.34. Tumia kisu kikali kipya juu ya kioo, maana mkasi huibana ncha na kuiacha ikiwa bapa, na koni yenye ncha bapa haiwezi kuziba tundu la duara. Bora zaidi ni kutumia kibao cha kupimia chenye matundu ya namba mbalimbali, ambapo koni hupitishwa na ncha inayochomoza hukatwa.

Ikiwa koni inaishia juu ya urefu, usiisukume, kwa kuwa itajikunja na kukudanganya. Ama kuna vumbi la dentini limejazana chini, na hapo rudi na faili ndogo na dawa ya kuosha. Ama mfereji haujapanuliwa vya kutosha katikati na koni inakwama kwenye ukuta kabla ya kufika. Ishara ya hali hii ya pili ni kwamba koni inashikwa, lakini ukiitoa unaona imekwaruzwa katikati na si kwenye ncha. Ikiwa koni inafika urefu lakini inachezacheza, chukua namba inayofuata, au kata robo ya milimita na ujaribu tena hadi ishike.

Hapo ndipo picha ya eksirei hupigwa, koni ikiwa ndani na kabla ya kugusa simenti. Ukishapata ncha ya koni ikiwa kati ya nusu milimita na milimita moja kabla ya ncha ya mzizi inayoonekana kwenye picha, ibane kwa kibanio mahali inapolingana na kilele cha jino, ili alama hiyo ikuongoze baadaye. Ichovye kwenye hipokloraiti ya asilimia 5.25 kwa dakika moja, isuuze ili chumvi isigande juu yake, na uikaushe. Nimewahi kuruka picha hii kwa sababu ya haraka, nikaja kugundua kosa baada ya simenti kuanza kuganda. Tangu hapo siiruki, na ninamsihi kila ninayemfundisha asiiruke.

Simenti ya kuzibia

Simenti hujaza nafasi ambazo gutapacha haifiki: kati ya koni na ukuta, kati ya koni na koni, na ndani ya vijifereji vya pembeni. Kanuni ya jumla ni kwamba tabaka lake liwe jembamba, kwa sababu simenti nyingi huyeyuka kidogo au husinyaa baada ya muda, na kadiri zinavyokuwa nene ndivyo pengo linavyokuwa kubwa.

Simenti ya zinki oksaidi na yujenoli ndiyo ya zamani zaidi miongoni mwa zinazotumika sana, na inasamehe makosa mengi ya mkono. Ichanganywe hadi iwe nzito kiasi kwamba ukiinua kichanganyio kutoka kwenye kioo, uzi wake unanyooka sentimita mbili hivi kabla ya kukatika. Tatizo lake ni kwamba yujenoli huzuia resini ya kujazia isigande vizuri, hivyo mabaki yake lazima yafutwe kwenye chumba cha jino. Simenti ya resini ya epoksi huyeyuka kidogo sana, hushika dentini, na humpa daktari muda mrefu wa kufanya kazi kabla ya kuganda. Inataka mfereji mkavu kabisa. Kwa mtu anayenunua simenti moja tu ya kutumia kwa mbinu zote, ningemshauri aanze na hii. Zile zenye kalsiamu hidroksaidi huyeyuka upesi kuliko nyingine, na sioni sababu nzuri ya kuzichagua.

Simenti za kalsiamu silikati ni mpya zaidi na zina tabia ya peke yake: huganda kwa kutumia unyevu unaotoka kwenye vijitundu vya dentini. Mfereji unaozipokea usikaushwe kupita kiasi wala kumaliziwa kwa pombe. Koni moja au mbili za karatasi zinatosha. Zina alkali kali zinapoganda, hazisinyai kwa kiasi kikubwa, na tishu huzivumilia vyema. Ubaya wake huonekana siku jino linapohitaji kutibiwa upya, kwa sababu simenti hii ikishakuwa ngumu ni vigumu sana kuipenya mahali ambapo hakuna gutapacha. Ndiyo maana koni lazima ifike urefu kamili hata pale simenti inapoonekana imefika.

Kuna dawa za kuzibia zenye paraformaldehidi ambazo bado huzunguka mikononi mwa baadhi ya watu kwa madai kwamba hukausha kiini na kuokoa muda. Zisitumike. Huua tishu zinazozigusa, na zikitoka nje ya ncha karibu na mshipa wa fahamu wa taya la chini zinaweza kuacha ganzi ya kudumu.

Kukandamiza kwa pembeni bila joto

Hii ndiyo mbinu inayofundishwa kwanza katika vyuo vingi, na sikubaliani na wanaoidharau. Urefu wake unatawalika vizuri, vifaa vyake ni vichache, na daktari mwenye subira huweza kuifanya ifanikiwe katika mifereji mingi.

Kabla ya kuchanganya simenti, chagua kikandamizio chenye ncha kali, kile cha kushika kwa vidole, na uhakikishe kwamba kinaweza kufika milimita moja au mbili kabla ya urefu kamili huku koni kuu ikiwa ndani. Kisipofika huko, koni za ziada zitajikusanya sehemu ya juu peke yake na robo ya chini itabaki koni moja inayoogelea kwenye simenti. Kwa mfereji uliopinda, kikandamizio cha nikeli na titani hupita kwa urahisi zaidi kuliko cha chuma.

Paka kuta kwa simenti kiasi kidogo kwa koni ya karatasi au faili, paka na koni kuu, kisha iingize polepole ili simenti ya ziada ipate njia ya kupanda juu badala ya kusukumwa nje ya ncha. Ingiza kikandamizio kando ya koni, ukibonyeza kuelekea chini kwa nguvu ya vidole peke yake, na ukiache hapo kwa sekunde kumi hivi ili gutapacha ikubali umbo jipya. Kitoe kwa kukizungusha kulia na kushoto, usikivute kwa nguvu, na mara moja weka koni ya ziada yenye ukubwa unaolingana nacho katika nafasi kilichoacha. Endelea hivyo hadi kikandamizio kisiweze kuingia zaidi ya milimita mbili au tatu. Nguvu za bega hazina nafasi hapa, kwani mzizi mwembamba huweza kupasuka wima, na jino lenye ufa wa namna hiyo mara nyingi huishia kung'olewa.

Piga picha nyingine kabla ya kukata koni, wakati bado unaweza kuzishika zote na kuzivuta nje endapo kuna pengo au urefu umepotea. Picha ikiwa nzuri, kata kwa chombo cha moto kwenye mdomo wa mfereji, na mara baada ya hapo kandamiza kwa chombo baridi, kipana, chenye ncha bapa. Kwa jino la mbele, shuka milimita moja au mbili chini ya usawa wa fizi, vinginevyo rangi ya simenti itaonekana kupitia taji la jino.

Upungufu wa mbinu hii ni kwamba gutapacha baridi haiingii kwenye mapango ya pembeni, kwenye daraja jembamba linalounganisha mifereji miwili, wala kwenye shimo lililoliwa ndani ya mzizi. Huko hukaa simenti tupu.

Kukandamiza wima kwa joto

Mwaka 1967 Schilder, mtaalamu wa mizizi ya meno, alieleza njia ya kulainisha gutapacha kwa joto na kuisukuma wima ili ijaze mfereji pamoja na matawi yake, na baadaye mtaalamu mwingine, Buchanan, akairahisisha kwa kutumia kifaa cha umeme kinachopasha na kukandamiza kwa mfululizo mmoja. Msingi wake ni tabia ya gutapacha yenyewe: inapopashwa kati ya nyuzi 42 na 49 za Selsiasi hubadilika muundo na kuanza kunata, na ikipita nyuzi 53 hivi hulainika kabisa. Inapopoa husinyaa, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuwa wanaondoa mkono mapema.

Chagua kwanza ncha ya kifaa inayofika milimita nne au tano kabla ya mwisho wa mfereji bila kugusa kuta, na uiwekee alama ya mpira. Koni kuu ikatwe nusu milimita zaidi kuliko kawaida, maana joto na msukumo vitaishusha kidogo. Simenti iwe nyembamba sana. Kata koni kwenye mdomo wa mfereji, weka kifaa kwenye nyuzi 200 hivi, kisha shusha ncha ya moto katikati ya gutapacha kwa mwendo mmoja wa sekunde tatu, usisite njiani. Unapokaribia alama, zima joto lakini usiache kubonyeza, na ushikilie hapo kwa sekunde kumi nzima wakati gutapacha ya chini inapoa. Msukumo huo ndio unaofidia kusinyaa. Baada ya hapo washa joto kwa sekunde moja ili kuitenganisha ncha, utoe kifaa na gutapacha iliyoshika juu yake, na ukandamize iliyobaki chini kwa chombo baridi.

Sehemu ya juu hujazwa kwa bastola ya gutapacha ya moto. Gusisha sindano kwenye gutapacha ya chini kwa sekunde chache ili zote mbili ziungane, toa milimita tatu au nne tu, acha sindano isukumwe yenyewe kurudi juu, kisha kandamiza na usubiri. Anayejaza mfereji wote kwa mkupuo mmoja huacha mapengo ambayo picha itayaonyesha bila huruma.

Joto lina mipaka yake. Inakubalika kwamba uso wa nje wa mzizi usipande zaidi ya nyuzi 10 juu ya joto la mwili, kwani kupita hapo mfupa na utando unaoushika mzizi huweza kudhurika. Kwa hiyo sekunde ni za kuhesabiwa, hasa kwenye mizizi myembamba ya meno ya mbele ya chini. Soma pia maelezo ya simenti yako, kwa kuwa si zote zinazostahimili nyuzi 200. Na kwa jino ambalo ncha yake iko karibu na mfereji wa mshipa wa fahamu wa taya la chini, au ambalo ncha yake imepanuliwa kupita kiasi, mimi huchagua njia isiyo ya joto, kwani hatari ya gutapacha laini kutoka nje ni kubwa kuliko faida yake.

Koni moja, na koni yenye kiini cha plastiki

Koni moja inayolingana na faili ya mwisho, pamoja na simenti ya kalsiamu silikati, inafaa kwa mifereji ya duara, myembamba, iliyopanuliwa kwa mashine hadi umbo linalofanana na koni hiyo. Ni ya haraka na haiukandamizi mzizi. Kwa mfereji bapa, kama ule wa jino la pili la kusagia dogo, koni moja itaacha pande mbili zikiwa simenti tupu. Weka basi koni za ziada pembeni bila kusukuma.

Koni zenye kiini kigumu zilizofunikwa kwa gutapacha hupashwa katika oveni yake na kuingizwa mara moja. Zinajaza vizuri, lakini urefu wake ni mgumu kuutawala, na kwenye mfereji uliopinda gutapacha huweza kuvuliwa na ukuta na kiini kikabaki uchi chini.

Ncha iliyo wazi

Jino la mtoto lililokufa kiini kabla ya mzizi kukomaa halina mahali pa kuzuilia koni, na kulijaza kwa njia za kawaida ni kuisukuma gutapacha kwenye mfupa. Hapa hutumika MTA au simenti nyingine ya kalsiamu silikati kama kizibo cha milimita tatu hadi tano kwenye ncha. Osha kwa hipokloraiti hafifu na kwa sindano iliyo mbali na mwisho, weka kalsiamu hidroksaidi kwa wiki chache ikiwa kuna maambukizi, kisha siku ya kuziba beba MTA kidogokidogo na uishushe kwa chombo kilichowekewa alama milimita moja kabla ya urefu. Piga picha baada ya tabaka la kwanza, kwani likiwa limekaa pabaya linaweza kuoshwa lote kwa maji ya chumvi na kuanzwa upya. MTA ya kawaida huchukua saa kadhaa kuganda, hivyo huachiwa pamba yenye unyevu na mgonjwa hurudi siku nyingine. Zipo simenti za jamii hiyo zinazoganda kwa takriban dakika 12, nazo huruhusu kumaliza siku hiyohiyo. Kwenye jino la mbele, hakikisha MTA haipandi juu ya usawa wa fizi, kwa sababu aina nyingi zake huligeuza jino rangi.

Kuisoma picha ya mwisho

Kizibo kizuri huishia ndani ya milimita mbili kabla ya ncha inayoonekana kwenye picha, hakipiti nje, kina weupe ulio sawa kutoka juu hadi chini, na kinafuata umbo la mfereji bila mstari mweusi kati yake na ukuta. Jino lenye mifereji zaidi ya mmoja lipigwe picha ya pili kwa kuusogeza mrija wa mashine ya eksirei pembeni nyuzi 20 hivi, la sivyo mfereji mmoja utajificha nyuma ya mwingine. Simenti kidogo iliyochomoza nje ya ncha kwa kawaida haiharibu matokeo, lakini mgonjwa anayelalamikia ganzi ya mdomo wa chini isiyoisha ashughulikiwe haraka na apelekwe kwa mtaalamu, asiambiwe asubiri.

Ukiona pengo kubwa, au kizibo kimeishia milimita nne juu, kitoe leo. Simenti bado ni laini, mgonjwa bado ana ganzi, na mfereji bado haujaguswa na mate. Hakuna siku nyingine ambayo kurekebisha kosa hilo kutakuwa rahisi kama leo.

Kifuniko cha juu

Mwaka 1995 watafiti Ray na Trope walichunguza picha za meno yaliyotibiwa mizizi, wakaona kwamba ubora wa kijazo cha juu ulihusiana na afya ya mfupa wa ncha kwa kiwango kikubwa, hata kuliko ubora wa kizibo cha mfereji chenyewe. Utafiti uliofuata umesisitiza kwamba vyote viwili ni vya lazima, lakini somo lao halijafutika: gutapacha iliyoachwa wazi kwa mate huvuja. Jino ambalo kizibo chake kimekaa wazi kinywani kwa miezi mitatu hivi linapaswa kutibiwa mfereji upya kabla ya kuwekewa taji jipya.

Kwa hiyo usimruhusu mgonjwa aondoke na pamba na kipande chembamba cha dawa ya muda. Futa mabaki ya simenti kwenye chumba cha jino kwa pamba yenye pombe, teremsha gutapacha milimita mbili ndani ya midomo ya mifereji, na uizibe midomo hiyo kwa simenti ya ayonoma ya kioo au kwa resini inayogandishwa kwa mwanga. Kama ni lazima kuweka kiziba cha muda, kiwe na unene usiopungua milimita tatu na nusu. Gego lililopoteza kuta zake lifunikwe vilele vyote kwa taji mapema iwezekanavyo, maana magego mengi yaliyotibiwa vizuri hupotea kwa kupasuka. Ikihitajika pini ya kushikilia kijazo, acha gutapacha isiyopungua milimita nne au tano chini yake, na nafasi hiyo ichongwe chini ya pazia la mpira kama kazi nyingine yoyote ya mfereji.

Mwambie mgonjwa kwamba jino linaweza kuuma kidogo likibonyezwa kwa siku chache, na kwamba uvimbe au maumivu yanayozidi ni sababu ya kurudi mara moja. Picha ya ufuatiliaji ipigwe baada ya mwaka mmoja, kwa pembe ileile ya picha ya mwisho ili ziweze kulinganishwa, na kama kivuli cheusi kwenye ncha kimepungua bila kuisha, mgonjwa aendelee kufuatiliwa hadi mwaka wa nne kabla ya kuamua kwamba matibabu yameshindwa.